Usingizi wa Baba na Mashine ya Kukatia Herufi

Nyumbani naitwa Kiberiti. Si kwa sababu ni mwembamba, ingawa ni mwembamba kweli. Ni kwa sababu nikisuguliwa kidogo tu nawaka. Nakubali. Lakini kiberiti ndicho kinachowasha jiko, na asiyetaka chai ya moto katika nyumba yetu anyooshe mkono nimwone. Kazi yangu ni kubandika majina na namba kwenye jezi, fulana na aproni, na naifanyia sebuleni kwa wazazi wangu. Sijaolewa, na kabla hujauliza, hayakuhusu.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachukua vinaili, ile plastiki nyembamba ya rangi inayouzwa kwa roli, unaikata umbo la herufi au namba, unailaza juu ya nguo, unaibana kwa pasi kubwa yenye moto mkali. Ikishika imeshika. Pasi ninayo. Kilichokuwa kinanitoa jasho ni kukata. Nilikuwa nakata kwa wembe na rula, herufi moja moja, vidole vimejaa plasta kama nimepigana na paka. Moja na saba hazina maneno. Nne ni mpole. Lakini nane! Na ile S! Kocha mmoja wa timu ya vijana aliishika nane niliyomkatia, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, huyu mchezaji wangu atakimbia na mkate mgongoni?" Nikamwambia kama hapendi mkate atafute timu isiyo na mchezaji wa nane. Akacheka, akachukua jezi zake akaenda. Alipoondoka nikatazama kipande nilichobakiza mezani, nikaona kweli, ni mkate. Nikajua wakati umefika wa kununua plota, yaani mashine inayokata herufi yenyewe kwa kisu kidogo, wewe unaielekeza tu kutoka kwenye kompyuta.

Watu wengine wakinunua mashine wanafurahi tu. Mimi ilibidi kwanza nimfikirie baba.

Baba ni mlinzi wa usiku kwenye lango la ghala. Anarudi asubuhi, anaoga, anakunywa chai, analala mpaka alasiri. Kati ya kitanda chake na meza yangu ya kazi kuna ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimeanza kuachana, ukipiga chafya huku yeye anakwambia afya huko. Zamani haikuwa shida. Alikuwa akilala usingizi wa pono, hata ungeibeba nyumba asingejua. Halafu ule usingizi ukamkimbia, hatukujua kwa nini. Mama alisema ni umri. Jirani akasema ni majani mengi ya chai. Mimi nikasema ni joto la bati. Mwenyewe hakusema lolote. Baba si mtu wa kulalamika, ukimkanyaga mguu yeye ndiye anakuomba radhi.

Basi msimamizi wake akapita langoni bila taarifa, akamkuta kwenye kiti, kofia imefunika macho, anakoroma. Akamwamsha kwa adabu, akamwambia, "Mzee wangu, nakuheshimu sana. Lakini nikikukuta hivi tena, kesho yake usije." Na baba amebakiza kidogo tu astaafu. Akifukuzwa sasa, kiinua mgongo alichokisotea maisha yake yote ndiyo basi tena, na kwake yeye kibaya zaidi ni kuondoka na jina la mtu aliyelala lindoni. Alitueleza akiwa amesimama katikati ya sebule, kofia mkononi, macho chini. Sikuwahi kumwona baba yangu akiona aibu mbele yetu. Iliniuma sana.

Kuanzia siku hiyo mama akaitangazia nyumba kimya. Si mchezo. Bawaba za mlango zikapakwa mafuta ya kupikia. Sufuria zikatenganishwa na vitambaa zisigongane. Redio ikahamia kabatini, chini ya mashuka. Wateja wangu wakawa wanaongea dirishani kwa kunong'ona. Kocha naye, mtu aliyezoea kupiga makelele uwanjani mpaka mishipa ya shingo imemtoka, alisimama pale akininong'oneza, "Jezi kumi, na ya golikipa," utadhani tunakula njama. Cherehani ya mama ilikuwa imeshafunikwa kitambaa tangu kitambo, maua ya plastiki yamewekwa juu yake. Alisema magoti hayamruhusu tena kukanyaga pedali. Tuliamini. Magoti ya mtu mwingine utayabishiaje?

Lakini baba hakulala. Alikuwa akitoka chumbani alasiri macho mekundu, anaulizwa, "Umelala, mume wangu?" anajibu, "Nimejinyoosha." Mtu anayejinyoosha mchana kutwa, usiku atakesha vipi?

Nilipotaja habari ya plota, mama hakukataa. "Nunua, mwanangu. Kazi ni kazi. Lakini ikimwamsha baba yako, wewe na mashine yako mtalala nje."

Kwa hiyo nilipokwenda kutafuta mashine sikuwa na maswali ya watu wa kawaida. Duka la kwanza lilikuwa limepangika, sakafu inateleza, na dada muuzaji alikuwa mzuri wa kuongea. Akanionyesha plota kubwa ya miguu, mpya, bado ina nailoni. Inakata upana wa mlango. Nikamwambia aiwashe. Akaiwasha, ikaanza kuunguruma kwa feni yake hata kabla haijakata kitu. Nikamuuliza, "Stoo yenu iko wapi?"

"Stoo ya nini, dada?"

"Nataka kulala."

Macho yalimtoka pima. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikajilaza juu ya maboksi, nikampigia kelele aanze kukata. Nikafumba macho nikajifanya baba. Nguruma, nguruma, halafu feni inapuliza. Hapana. Hata jiwe lisingelala. Nilipotoka, muuzaji alikuwa ameniandalia glasi ya maji.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Lete nyingine."

Akaleta ya pili, ndogo, nyeupe, ya kuweka mezani. Hii jamani ilikuwa na adabu. Nilijilaza tena stoo, nikasikia kama mtu anajikuna mgongo asitake watu wajue. Nilifurahi. Nikatoka mbio kuiangalia inavyokata, na hapo ndipo nikaanza kunywea. Kwanza, lazima vinaili uibandike kwenye ubao wa kunata, kipande kwa kipande. Roli nzima haimezi. Pili, siri ya kukata vinaili ni kwamba kisu kinatakiwa kikate rangi ya juu tu, kisiguse ile ngozi inayoibeba chini. Kwenye plastiki laini ilikata vizuri tu. Nikatoa kwenye mkoba kipande cha vinaili nene ya manyoya, ile kocha anayoipenda kwa jezi za fainali. Mashine ikaparaza juu juu, ikapita. Nikambana muuzaji, akabonyeza hiki na kile, ikapita tena mara ya pili juu ya mstari ule ule, ikaacha kingo zimechanika.

"Kwa kazi ndogo ndogo inatosha kabisa," akasema.

"Nani amekwambia kazi yangu ndogo?" nikawaka. Halafu nikakumbuka macho mekundu ya baba, nikazima. Nikamwambia aniwekee, nitarudi kesho kuilipia. Nilitoka pale nimebeba uamuzi kama mtu aliyebeba kiatu kinachombana, anajua atakivaa tu kwa sababu hana kingine.

Jioni baba akivaa sare zake aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia nimepata, ndogo, kimya kama maji mtungini. Akafunga vifungo polepole. "Na inakata?"

"Inakata."

"Kiberiti."

"Abee, baba."

"Inakata?"

Baba yangu ananijua. Nikamwambia habari ya manyoya. Akasema mlinzi mwenzake ana ndugu anayetengeneza mabango ya maduka, amenunua mtambo wa kuchapa na anauza plota yake ya zamani. "Twende kesho tukaitazame. Kutazama si kununua."

"Kesho unatakiwa kulala, baba."

"Nitajinyoosha nikirudi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia uchovu ulivyojaa ndani ya neno lile.

Kesho yake mama aligoma. Alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema mtu hatoki lindoni akaenda kuzurura kwenye mabango. Baba akamwambia kwa upole kwamba mashine ni nzito na mimi ni njiti. Mama alitazama mikono yangu, akaona hoja, akatupisha.

Fundi Mabango alikuwa mtu mnene, mcheshi, karakana yake imejaa mabaki ya herufi kila kona. Nilikanyaga A, nikakalia M. Mashine ilisimama kwenye miguu ya chuma, rangi imebabuka, upande mmoja kuna stika ya samaki amevaa miwani. Baba alipata pa kukaa juu ya rundo la roli za vinaili lililoegemea ukutani, akaweka kofia yake magotini. Mimi nikampa Fundi kazi ya kujaribia: nane, S, jina refu lenye herufi ndogo, na kipande cha manyoya.

"Sawa, mama," akasema, akabonyeza.

Ikapiga kelele. Si kuunguruma, ilikuwa na mwendo. Trrr, tk-tk. Trrr, tk-tk. Roli inakwenda mbele, inarudi nyuma, kichwa kinakimbia kushoto, kinakimbia kulia, trrr, tk-tk. Nilikunja uso. Nikafikiria ule ukuta wa mbao. Lakini macho yangu hayakuondoka kwenye kile kisu. Kilikuwa kinazunguka nane kama mtu anayeijua njia ya kwao. Ilipomaliza niliibandua plastiki ya ziada kwa sindano, na ikatoka nzima, bila kung'ang'ania popote, chini ngozi haina hata mkwaruzo. Manyoya nayo hivyo hivyo, kingo safi. S ilikuwa nzuri mpaka nikaigusa kwa kidole.

"Umekata wima," nikamwambia Fundi ili nisionyeshe furaha. "Sisi wa nguo tunakata kinyume, kama kwenye kioo, ndiyo ukiigeuza kubandika isomeke. Hii ukinibandikia, jina la mchezaji atalisoma nani?"

"Mimi wa mabango, mama! Kwangu kila kitu kinatazama mbele." Akacheka, akageuza kwenye kompyuta, akaanza upya. Trrr, tk-tk.

Nilisimama pale nimeshika ile nane na nikatamani kulia kwa hasira. Hii ndiyo mashine yangu. Niliijua kama unavyomjua mtu wa kwenu hata ukimkutia ugenini. Na sitaweza kuichukua, kwa sababu siwezi kuinunua kazi yangu kwa usingizi wa baba yangu. Nikapiga moyo konde. Nikageuka nimwambie baba twende zetu.

Baba alikuwa amelala.

Si kusinzia. Amelala! Kichwa kimeegemea roli nyekundu, mdomo wazi, kofia imeanguka chini, mikono imelegea pembeni. Anakoroma mkoromo wa zamani, ule wenye filimbi mwishoni. Niliogopa. Nikadhani ameugua, nikamsogelea nikamtazama kifua: kinapanda, kinashuka, taratibu. Hata mikunjo ya paji la uso imefunguka.

"Mzee amezima," Fundi akasema.

"Shh! Zima mashine, zima, utamwamsha!"

Fundi akabonyeza. Kimya kikaingia karakana nzima.

Baba akafumbua macho. "Imekwisha?" akauliza, anajifuta mdomo. "Mbona mmeizima?"

Mimi na Fundi tukatazamana. Nikamwambia, "Bado, baba. Inapumzika." Nikamfanyia Fundi ishara. Akaiwasha. Trrr, tk-tk, trrr, tk-tk. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la busara, na kabla herufi ya tatu haijakatwa filimbi ikarudi. Nikafanya ishara ya kuzima. Kimya. Macho wazi. Washa. Filimbi. Fundi akaanza kucheka bila sauti, tumbo linaruka, machozi yanamtoka, na mimi nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Kwa sababu hapo nilikuwa nimeshaelewa. Ile sauti niliijua. Nimezaliwa nayo. Pedali chini, gurudumu juu, sindano kati: trrr, tk-tk. Nilikua nikiisikia mchana kutwa upande huu wa ukuta, na upande wa pili baba analala usingizi wa pono. Tulikuwa tumemnyamazishia mtu nyumba nzima, tumemnyima kile kile kilichokuwa kinamlaza, halafu tukayalaumu majani ya chai.

"Nikate nini sasa?" Fundi akanong'ona. "Kazi yako imeniishia."

"Kata chochote. Kata samaki."

Akakata samaki. Akakata nyota, mishale, alama ya usivute sigara. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka dirishani, baba hajageuka hata ubavu. Alipoamka mwenyewe alijinyoosha mpaka mifupa ikalia, akaangalia samaki waliojaa sakafuni, akasema, "Naona inakata."

"Inakata, baba," nikasema. Nikalipa pale pale, na yule dada muuzaji nikampigia simu kumwomba radhi. Alinitakia afya njema. Nadhani mpaka leo anadhani ninaumwa.

Mama alipoona tunavyoishusha alishika kichwa. Alipoisikia kwa mara ya kwanza alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekuomba mashine ya kimya, wewe unaniletea trekta! Unataka kumfukuzisha baba yako kazi?" Nikamwambia asubiri kesho. Akaniambia kesho nitaisubiri mimi, nje, na trekta langu. Sikumweleza kitu. Mambo mengine ukimweleza mama yangu anakataa kwa sababu tu hakuyaona yeye kwanza. Hiyo tabia sijui niliirithi wapi.

Asubuhi baba akarudi, akaoga, akanywa chai, akaingia chumbani. Mama akasimama mbele ya swichi, mikono imekunjwa kifuani. Nilimzunguka, akanizuia. Nikampitia chini ya kwapa, nikawasha. Jezi za kocha, namba mbili mpaka kumi na moja.

Trrr, tk-tk.

"Zima," mama akanong'ona kwa ukali. "Zima, mtoto wewe, nita—"

Akanyamaza. Upande wa pili wa ukuta filimbi ilikuwa imeanza.

Alisimama vile vile, sikio limeelekea ukutani. Hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo, kikabaki kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akavuta kiti akakaa. Akasikiliza mashine, akasikiliza ukuta, akageuka akatazama cherehani yake chini ya kitambaa na maua yake.

"Ni kama yangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ile mara alipougua mafua," akasema taratibu, "alikuwa akikohoa humo ndani, mimi niko hapa nakanyaga tu pedali. Nikajionea haya. Nikasema, huyu mwanaume amevumilia kelele zangu tangu anioe, hajawahi kunung'unika hata siku moja. Sasa anazeeka, acha na mimi nimwonee huruma." Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Magoti yangu hayajawahi kuuma."

Nilimtazama. Mwanamke aliyeshona sare za nusu ya mtaa, aliyeshona gauni la kila bibi harusi tunayemjua, aliiacha kazi anayoipenda ili mume wake alale, na kwa kuiacha akamnyima usingizi. Na mume wake, nadhani kwa sababu aliona mkewe amechoka, hakuthubutu kusema kwamba anaikosa ile sauti. Wangeongea dakika moja tu mambo yangeisha! Niliwapenda mpaka nikataka kuwazaba makofi wote wawili.

"Kwa hiyo ulitudanganya," nikasema.

"Nyamaza ukate," akasema mama, akachukua sindano akaanza kunichambulia namba, anabandua plastiki ya ziada. Ana mkono mwepesi. Alinishinda papo hapo.

Baba alilala siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Macho yakarudi meupe. Akaanza tena kupiga mluzi akifunga viatu. Na asubuhi moja aliingia nyumbani kifua mbele, hata kofia hakuvua, akataka tukae chini wote wawili.

Msimamizi alikuja jana usiku, akasema. Gari kaliacha mbali, taa kazima, akanyata kwa miguu pembeni ya ukuta ili amkamate. Baba alimsikia tangu kokoto la kwanza. Alimwacha afike karibu kabisa na lango, halafu akammulika tochi usoni. "Simama hapo! Nani wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Mimi simjui mimi. Kitambulisho."

"Mzee, mimi ni msimamizi wako!"

"Msimamizi wangu huja na gari. Kitambulisho."

Na kitambulisho kilikuwa garini. Mkubwa mzima akarudi kwa miguu kukichukua, akaja nacho anahema, baba akakisoma mbele na nyuma, ndipo akamfungulia. Msimamizi alicheka mpaka akashika lango. "Mzee wangu, nimekoma," akasema. "Yale maneno ya siku ile yasahau. Wewe utastaafu kwa heshima zako zote." Baba alituonyesha jinsi alivyopiga saluti. Alituonyesha mara tatu. Mama alicheka mpaka akalalia meza, na mimi nikaenda kumwongezea mzee mkate, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sipendi kuonekana.

Akaingia kulala. Niliwasha mashine, nikamalizia agizo la aproni za mkahawa. Mama alikuwa pembeni yangu anachambua. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kichwa cha plota kikakata herufi ya mwisho, kikarudi nyumbani kwake, kikatulia.

Kimya.

Nikashtuka. Vinaili ilikuwa imeniishia, roli mpya ingeletwa mchana. Upande wa pili filimbi ikakatika. Kitanda kikalia. Baba akakohoa, tukamsikia akijigeuza. Nikaanza kuhangaika na mabaki mezani, nikitafuta kipande chochote cha kukatia samaki.

Mama aliweka sindano chini. Akainuka, akayaondoa maua ya plastiki, akakivuta kile kitambaa na kukikunja vizuri mara nne. Akaketi mbele ya cherehani yake. Hapakuwa na uzi wala nguo. Akaweka miguu juu ya pedali, yale magoti yake mazima, akalisukuma gurudumu kwa kiganja, na akaanza kukanyaga.

Trrr, tk-tk. Trrr, tk-tk.

Kitanda kikanyamaza. Halafu sauti ya baba ikapenya katikati ya mbao, nzito kwa usingizi, kama mtu anayeongea na mwenzake kitanda kimoja.

"Mke wangu," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mama hakuacha kukanyaga. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na alikuwa anatabasamu.

"Nipo," akamjibu. "Lala."